Dawa Zangu Zilipanda Kibosho Bila Mimi

Mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba na sebule Soweto, hapa hapa Moshi mjini, na mama yangu aliyeko Kibosho alijua niko Dar es Salaam. Ukisimama uani kwangu asubuhi kabla mawingu hayajashuka, unauona mlima wote, na chini yake ule ukanda wa migomba ambamo mama, saa hiyo hiyo, alikuwa anakamua ng'ombe. Ningechukua pikipiki ningemkuta maziwa bado yana povu. Badala yake, kila jioni alipopiga simu nilimwambia joto la Dar limezidi, huku nimejikunyata ndani ya blanketi, maana Julai ya Moshi haina utani.

Kumdanganya mama kwa simu ni ajira kamili. Wakati wa masika ndipo nilipopata tabu zaidi. Mvua ikipiga bati langu ilikuwa ndiyo ile ile iliyotoka kupiga bati lake, na mama ana masikio.

"Huko kunanyesha? Mbona nasikia kelele?"

"Ni feni, mama. Imezeeka."

"Mwambie mwenye nyumba aitengeneze."

Nilimwahidi kwamba nitamwambia. Nyumba ile ya Soweto haikuwa na feni wala haikuihitaji. Mama akamwombea mwenye nyumba apate moyo wa kutengeneza, na mimi nikaitikia amina.

Sababu ya uongo wote huo ni titi langu la kushoto, ambalo halipo tena. Niliugundua uvimbe nikiwa Dar, nikizunguka na karatasi za vipimo kutoka dirisha hili hadi lile, mpaka rafiki yangu muuguzi aliyehamia hospitali ya rufaa ya Moshi akaniambia, njoo huku, nitakushika mkono. Kazi yangu ni kuhariri vitabu vya shule, nahitaji kompyuta na utulivu tu, kwa hiyo nikafunga mizigo nikaja. Nikafanyiwa upasuaji. Yakafuata yale madripu yanayomwondolea mtu nywele na hamu ya chakula, na mwishowe nikaachiwa vidonge, kimoja kila siku, kwa miaka. Ugonjwa ulikuwa umekamatika, daktari aliniambia, lakini vidonge visirukwe.

Mama sikumwambia. Mwaka mmoja nyuma alikuwa amemzika kaka yangu, mtoto wake wa kwanza, kwenye kihamba chetu, hilo shamba la ukoo lenye migomba, kahawa na makaburi ya baba na babu. Nilimwona siku ile alivyosimama pale. Nikajiambia, huyu mama hapokei habari ya namna hii tena kutoka kwangu. Nitapona kwanza, halafu Krismasi, tutakapopanda wote nyumbani kama ilivyo desturi, nitampelekea habari iliyokwisha. Nilijiona mtoto mwema kupita kiasi.

Vidonge vyangu havikupatikana kila mahali. Kulikuwa na duka moja la dawa mjini ambalo mwenye nalo, mwanamke wa rika langu, aliniagizia kila mwezi na kunipigia simu vikifika. Siku ya kwanza niliyoingia kwake tuliongea kama watu wa huku wanavyoongea.

"Dada, ni wa wapi?"

"Kibosho."

"Kibosho ya wapi?"

"Chini ya parokia, ukishuka kuelekea mtoni. Kwa marehemu katekista."

"Aa! Kumbe wa nyumbani kabisa! Mama yangu katokea ng'ambo ya mto huo huo."

Sikuwa nimedanganya. Mtu wa huku hawezi kukwambia yeye ni wa Soweto. Soweto mtu amepanga. Hata aliyejenga pale, akaweka geti, akazaa na kusomesha, ukimuuliza ni wa wapi atakutajia Machame au Marangu au Kibosho, mahali kihamba chao kilipo. Unamuuliza analala wapi, yeye anakujibu atazikwa wapi. Ndivyo tulivyolelewa, na nilijibu bila kufikiri. Yule mwenye duka naye aliyaweka maneno yangu kichwani bila kufikiri. Kuanzia siku ile, kwake mimi nilikuwa dada wa Kibosho, kwa katekista, chini ya parokia. Soweto hakuijua kabisa.

Siku yenyewe nilichukua vidonge asubuhi, vikiwa ndani ya mfuko mdogo wa karatasi wenye mhuri wa duka na jina langu la ubatizo limeandikwa kwa kalamu, kisha nikaenda gulioni Kwa Sadala. Nilipenda kwenda huko kwa sababu mbili. Maharage yao ni mazuri, na watu wa kwetu hawaendi. Wa Kibosho wanashuka Moshi kununua na kuuza, na Kwa Sadala ni ya watu wa wilaya ya Hai. Pale ningeweza kuzunguka nimevaa kilemba changu kichwani pasipo na nywele na hakuna ambaye angenisimamisha kuniuliza mama hajambo.

Nilinunua maharage kwa mama mmoja mnene mwenye sauti ya kwaya, aliyepima sado akaijaza mpaka ikawa na kilima juu. Mkono wangu wa kushoto tangu upasuaji haukubeba kitu kizito, kwa hiyo nikahangaika kidogo kuhamisha vitu mkono wa kulia. Nikauweka ule mfuko wa dawa juu ya gunia lake nipate nafasi. Nikabeba maharage, nikamuaga, nikaondoka. Mfuko ukabaki juu ya gunia.

Nilifika nyumbani nimechoka. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi na simu yangu ikawa imezima. Nikajilaza, usingizi ukanichukua. Umeme uliporudi jioni nikachomeka simu, nikawasha jiko niinjike maharage yangu, na simu ikaanza kulia mfululizo. Nilikuwa nimetafutwa na mwenye duka la dawa mara nyingi, na namba nyingine nisiyoijua ilinitafuta mara nyingi zaidi. Halafu kulikuwa na ujumbe kutoka ile namba nisiyoijua:

"Bwana asifiwe dada. Mimi ni mama wa maharage Kwa Sadala. Dawa zako nimezifikisha nyumbani kwa mama salama, usiwe na wasiwasi. Amenipokea vizuri sana. Mungu akutie nguvu."

Niliusoma pale "nyumbani kwa mama" nikarudia tena. Nikazima jiko. Nikakaa chini sakafuni, maana kiti kilikuwa mbali.

Saa ya mama ya kupiga ikafika na mama akapiga, kama kila siku. Nikapokea. Tukasalimiana, akaitikia shikamoo yangu kwa sauti yake ile ile. Akaniuliza:

"Huko Dar leo joto likoje?"

Nilisikia ng'ombe wake akilia, na nadhani yeye alisikia mbwa wa jirani yangu.

"Dawa zako nimezihifadhi kwenye kabati la vyombo," akasema. "Njoo uzichukue." Akakata.

Asubuhi sikupanda Kibosho. Niseme ukweli, niliogopa. Mtu akiogopa anatafuta wa kugombana naye, na mimi nilikuwa naye tayari. Nikaenda duka la dawa. Niliingia bila kumsalimu mwenye duka, na kwa watu wa huku hilo peke yake ni tusi.

"Dawa zangu ziko wapi?"

Akatabasamu. Alikuwa anangoja shukrani, masikini. "Hujaambiwa? Yule mama alizipeleka mwenyewe mpaka mlangoni! Kanipigia akiwa huko huko, anakunywa chai kwa mama yako."

"Nani kakutuma uzipeleke kwa mama yangu?"

"Sasa dada, simu yako haipatikani. Mtu katoka Kwa Sadala na dawa mkononi, kaacha biashara yake, anahangaika utadhani mgonjwa ni yeye. Ningemwambiaje?"

"Ungemwambia aziache hapa."

"Nilimwambia. Kakataa! Kaniuliza ni dawa za nini, na mgonjwa akizikosa itakuwaje. Nikamwambia ni za kansa ya titi, hazitakiwi kurukwa hata siku moja. Ndipo akasema basi anazipeleka mwenyewe, nimpe namba na nimwelekeze nyumbani."

"Ukamwambia ni za kansa."

"Nilitaka ajue uzito wake, dada."

"Na namba yangu ukampa. Na njia ya kwetu ukampa."

"Si ulinielekeza mwenyewe? Chini ya parokia, kwa katekista. Huko hata mtoto wa shule angekuonyesha." Hapo akaanza kuona uso wangu. "Kwani kuna tatizo gani? Mtu kapeleka dawa nyumbani."

"Ungejuaje kama nyumbani hakuna ninayemficha?"

"Watu wa kwenu? Mtu anawafichaje watu wa kwao?"

"Wa kwetu ndio hasa niliokuwa nawaficha!"

Nilipaza sauti. Mzee mmoja aliyekuja kununua dawa ya kifua aligeuka kutazama rafu ya mafuta ya watoto, akaisoma kwa makini sana. Mwenye duka alizunguka kaunta, akatoka akaja upande wangu.

"Mama hakujua?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Hakujua ninaumwa. Hakujua hata kama niko Moshi."

Akakaa kwenye benchi la wateja. Akaweka mkono mdomoni. Baadaye akasema, "Nisamehe, dada. Nilikuona wa nyumbani."

Nilijua anasema kweli. Angekuwa mteja mwingine, Mhindi wa mjini au mfanyakazi aliyehamishiwa kutoka Mwanza, angemwambia yule mama aache dawa na aende zake. Siri yangu mimi aliitoa kwa kuwa alijiona ananijua. Sikumsamehe siku hiyo. Nilitoka bila kumuaga, nikavuka barabara, nikamwita mtu wa pikipiki nikamwambia Kibosho.

Njia ya kwetu huwa inaniamsha viungo vyote, na siku ile iliamsha na kovu. Mawe, vumbi, kisha baridi ikaanza kuingia kwenye mikono ya sweta, na harufu ya kwetu ya moshi wa kuni na samadi. Nilimwambia dereva aende polepole, akadhani naogopa kuanguka. Kwenye kona ya mwisho nilishuka, nikatembea kwa miguu kati ya masale yaliyopandwa mpakani.

Mama alikuwa jikoni, jiko la nje. Nikasimama mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa kwenye kigoda. Hakunikumbatia na hakuniangalia usoni. Aliinuka akaingia nyumba kubwa, akarudi na mfuko wangu wa karatasi na kikombe cha maji. Kikombe kilikuwa kile cha wageni chenye maua.

"Cha jana ulimeza?"

"Sikumeza, mama. Vyote vilikuwa humu."

"Meza."

Nikameza. Alisimama akinitazama koo mpaka kikateremka, kama alivyokuwa akifanya tulipopewa klorokwini udogoni na kuificha chini ya ulimi. Kisha akageukia chungu, akanipakulia mtori, ndizi za mshare zilizopondwa na nyama, umepoa kiasi cha kunyweka. Alikuwa ameupika kabla hajajua nitakuja saa ngapi. Nilikunywa wote. Nilikuwa sijasikia njaa ya kweli kwa miezi.

Nilipomaliza, akachukua bakuli, akaliweka chini.

"Nionyeshe."

"Mama..."

"Nionyeshe, nimekuzaa mimi."

Nikafungua vifungo. Daktari na wauguzi walikuwa wameliona lile kovu, na mimi kwenye kioo, siku zile nilipojipa moyo wa kutazama. Mama akachuchumaa mbele yangu. Akalipitishia kidole, kikavu na chenye masizi, kuanzia karibu na kwapa mpaka katikati ya kifua, taratibu, akifuata mshono.

"Wameshona vizuri," akasema.

Hapo nikaanza kulia. Akanifunga vifungo mwenyewe, akaanza na cha chini, akakosea tundu moja akarudia. Alipomaliza ndipo akaongea, na hakuongea kwa hasira niliyoitegemea. Aliongea polepole akichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Yule mama alikuja hapa na dawa kazikumbatia. Akaniambia, mama, nimeleta dawa za binti yako zile za kansa, kazisahau. Alidhani najua. Ningefanyaje? Nikamwambia ndiyo, asante sana mama, tunamshukuru Mungu, anaendelea vizuri. Nikamkaribisha. Nikamtilia chai. Akaniuliza upasuaji ulikwenda vizuri, nikamwambia ulikwenda vizuri. Akaniuliza ni titi lipi, nikamwambia wewe kunywa chai, isipoe. Mgeni ananipa habari za mtoto wangu, na mimi najifanya ndiye niliyemweleza."

"Sikutaka kukuumiza, mama. Baada ya kaka..."

"Kaka yako mlimfanyaje?"

Kaka aliugua figo huko Dar miezi mingi. Sisi ndugu zake tulikaa kikao tukakubaliana mama asiambiwe, ana presha, atasumbuka, na safari ya Dar ni ndefu. Akipiga simu tulimwambia kaka kasafiri kikazi. Alipoambiwa, aliambiwa msiba.

"Mliniletea ndani ya sanduku," mama akasema. "Mlisema hamkutaka nisumbuke. Haya, sikusumbuka. Nilipokea watu, nilipika, nilizika. Hakuna aliyeniuliza kama nilitaka kumlisha uji. Hakuna aliyeniuliza kama nilitaka kumgeuza kitandani. Kuuguza mnaninyima, mnanipa kuzika tu. Nani kawaambia mama ni wa kuzika?"

Nilikaa pale kwenye kigoda nikaona upumbavu wa wema wangu wote, ule niliojisifia nao chini ya blanketi. Nilikuwa nimejipanga kumpelekea habari iliyokwisha. Kama isingekwisha vizuri, angeipata kama alivyoipata ya kaka.

Nilikaa nyumbani wiki kadhaa. Nikaleta kompyuta, nikaweka meza dirishani, nikahariri vitabu vya hesabu huku kuku wakiingia na kutoka. Nisikudanganye kwamba ilikuwa raha tupu. Mama alininunia siku nyingi, akanilisha huku kaninunia. Na habari ilienea. Kufikia Jumapili mtaa mzima ulijua, padre akaombea wagonjwa wa parokia kwa maneno ambayo hayakunitaja lakini vichwa vyote viligeukia benchi letu. Wanajumuiya walikuja na mayai, na ndizi, na maziwa mgando, na ushauri. Shangazi mmoja alileta mizizi ya kuchemsha ambayo iliwahi kumponya ng'ombe. Mwingine aliniangalia kifua tangu hodi mpaka kwaheri. Nilikuwa na siri nikabaki na wageni. Kuna jioni niliitamani ile Soweto yangu isiyo na mtu mpaka nikajificha mgombani nipumue.

Kwa hiyo watu wanaponiambia, unaona sasa, yule mwenye duka alikufanyia jambo jema, huwa nakataa. Hakunifanyia jambo jema. Alichukua ugonjwa wangu, namba yangu na nyumba ya mama yangu, akampa mtu aliyemwona dakika chache, kwa kuwa mtu huyo ana uso mzuri na anataja jina la Bwana. Mwisho wa njia ile angeweza kuwako mume ninayemkimbia. Ilitokea tu kwamba yuko mama yangu. Bahati yangu haimwondolei kosa. Nilimwambia maneno hayo hayo mwezi uliofuata, nikiwa nimetulia, maana ilibidi nirudi kwake, vidonge havikupatikana penginepo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia kwamba siku hizi mtu akileta kitu cha mteja anakipokea na kukifungia, hata mletaji anune. Kisha akaniuliza kwa adabu kama angeweza bado kuniita dada. Nikamwambia aniite. Hasira yangu haikuwa na mahali pa kukaa tena, lakini sikuigeuza kuwa asante.

Yule mama wa maharage ndiye aliyenishinda. Nilimfuata Kwa Sadala na mkungu wa ndizi alionipa mama nimpelekee, nimejiandalia na maneno mawili matatu ya kumwambia kuhusu kuheshimu mambo ya watu. Aliponiona aliruka magunia, akanikumbatia upande wa kulia, kwa uangalifu, asiniumize. Akaniambia mumewe alikuwa na sukari. Wakati wa mavuno alikaa siku nzima shambani bila dawa yake, na mkewe alijua imesahauliwa mezani, akasema atampelekea baadaye. Hakumalizia, na mimi sikumuuliza. Maneno yangu mawili matatu niliyameza.

"Ila mama yako ana moyo," akasema akipima maharage ambayo sikuyaagiza. "Kaniambia ninyi nyumbani kwenu hamfichani kitu."

Nikasema ndivyo tulivyo.

Ilipokaribia siku ya kliniki nilimwambia mama nitashuka mjini asubuhi, nitarudi jioni, asihangaike. Asubuhi nilimkuta amesimama barazani amevaa kitenge chake cha misa na viatu vya kufunga, kapu mkononi, ndani mna chupa ya uji iliyofungwa kwa kanga ili usipoe. Tulishuka pamoja. Kwenye korido ya hospitali alikaa wima miongoni mwa wagonjwa, akiangalia kila aliyepita na faili, akiniuliza kwa kunong'ona yule ni daktari au ni nani. Alininywesha uji mbele za watu, mimi mtu mzima, na nikanywa.

Jina langu likaitwa. Tukainuka wote wawili. Muuguzi aliyesimama mlangoni akanyoosha mkono kwa upole kumzuia mama.

"Shikamoo mama. Samahani, hapa anaingia mgonjwa, na mtu mmoja tu anayemuuguza. Wewe pumzika hapo kwenye benchi."

"Marahaba, mwanangu," mama akasema. "Anayemuuguza ni mimi."

Akamkabidhi muuguzi kapu amshikie, akatangulia kuingia.